Kirikuu ya binamu, nyumba ya shangazi!

  Wiki iliyopita niliahidi kuendelea na ile habari ya masista du na simu za mkopo, lakini naomba mniwie radhi, ile tuiweke kiporo. Wiki hii nina langu. Nimeombwa kusaini karatasi! Na si kadi ya mchango wa harusi. Ni udhamini wa mkopo wa milioni 10, mimi huyu ninayeandika safu hii kwa malipo ambayo nikiyataja hapa mtanichangia nauli.

Mwombaji ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, anayeuza vitunguu na viazi Mbagala Rangi Tatu. Kila siku saa 10 alfajiri, wakati wengine tunageukia upande wa pili, yeye yuko Temeke Stereo anagombea mzigo. Akishapata anakodi kirikuu ya mtu kwa shilingi 25,000, anashusha Mbagala, anaanza kuuza. Siku moja akapiga hesabu: 25,000 mara siku 26 za kazi, ni 650,000 kwa mwezi.

"Mdogo wangu," akaniambia, macho yamemtoka, "mimi namlisha mtu! Laki sita na nusu kila mwezi na gari bado lake. Si bora hela hiyo nilipie la kwangu?"

Maneno hayo ukiyasikia haraka haraka yana akili. Hata mimi niliingia kingi.

Sasa ngoja niseme ukweli, binamu hakuanza na kirikuu. Alianza na Hilux dabo kebini! Picha alikuwa nayo kwenye simu, nyeupe, rimu zinang'aa. Sina ugomvi na Hilux, ipo barabarani tangu 1968 na sifa zake hazihitaji kusindikizwa na mimi. Lakini dabo kebini unalipia viti vya nyuma, halafu bodi inafupishwa ili viti hivyo vipate pa kukaa. Fundi wetu wa gereji ya mtaani alipoiona ile picha aliuliza swali moja tu: "Kaka, unabeba vitunguu au unabeba mashemeji?" Binamu akanuna siku mbili. Hilux ikafa hapo.

Ikaja hoja ya kenta. Kenta kwa magunia matano ya vitunguu ni sawa na kukodi basi kumpeleka mtoto mmoja chekechea. Toyo la miguu mitatu ni rahisi kununua, lakini kutoka Stereo mpaka Rangi Tatu na mzigo nyuma, katikati ya malori ya barabara ya Kilwa... mimi sipandi, na binamu naye hapandi.

Tukabaki na kirikuu. Kwa msiokaa huku kwetu, ni kile kipikapu kidogo cha Suzuki Carry, mdomo bapa, kabini ya watu wawili, bodi nyuma inayofunguka pande tatu. Mimi nikilisikia jina hilo namkumbuka yule mtoto wa katuni ya Kifaransa ya 1998, mdogo kama sisimizi lakini kijiji kizima kinamtegemea.

Hapa nataka tukae kidogo, maana watu wengi wanainunua bila kujua ilitengenezwa kwa kazi gani. Kule Japan kuna daraja la magari madogo yenye kodi nafuu na masharti makali. Injini isizidi sisi 660, sharti la tangu 1990. Urefu usizidi mita 3.4 na upana mita 1.48, hayo yakawekwa 1998. Na mzigo, washikaji, mwisho wake kisheria ni kilo 350. Nimeandika 350, si mchapaji kakosea. Mfuko wa saruji una kilo 50, kwa hiyo ni mifuko saba, wa nane unashuka. Sasa toka nje utazame kirikuu ya kwanza itakayopita mtaani kwenu uhesabu mwenyewe.

Binamu anabeba magunia matano. Gunia la kawaida mwisho wake kilo 100, lakini tunajuana, lumbesa bado zipo. Kwa hiyo tripu moja ni kilo 500 na ushee. "Si wanaongeza majani ya springi?" akasema. Ni kweli wanaongeza, na gari halikai tena chini. Lakini fundi akatueleza kitu ambacho kilinikaa: springi ukiiongeza, breki haikui. Beringi hazikui. Tairi ni zile zile ndogo za kipimo cha kilo 350. Wenye kirikuu wanaobeba namna hiyo wanaonana naye kila mwezi, na anawapenda sana.

Zipo Townace na Liteace za bodi, injini kubwa zaidi, zinabeba zaidi ya mara mbili ya hizo kilo 350, na kwa haki ndizo zilizomfaa binamu. Bei ikatukimbiza. Binamu akasema atapunguza mzigo uwe magunia matatu, arudi Stereo mara ya pili. Nilimtazama tu. Mtu anayeamka saa 10 akikwambia atakwenda mara mbili, mpe muda.

Tukaenda yadi. Kirikuu iliyoshuka melini, haijawahi kukanyaga shimo la Bongo, milioni 14 na nusu, maongezi yapo. Carry za umbo la 2013 kuja huku zilikuwa juu zaidi, tukazipita kama hatuzioni. Fundi akalala chini na nyundo ndogo, gonga huku, gonga kule. Mwenye yadi hakufurahi hata kidogo. Kumbe sehemu za kaskazini mwa Japan theluji ikianguka wanamwaga chumvi barabarani, na chumvi hiyo inakula chasisi polepole. Juu gari linang'aa kama bwana harusi, chini linamong'onyoka kama biskuti kwenye chai! Ya kwanza aliyoigonga ilitoa sauti ya debe, tukaiacha. Ya pili ilikuwa nzima. Akanyanyua kiti cha dereva (injini yake iko chini ya kiti, msije mkahangaika mbele mkitafuta boneti), akashika injini kwa kiganja kuhakikisha ni ya baridi, ndipo akasema washa. Gari likiwa limeshapashwa moto kabla hujafika, ujue kuna kitu unafichwa.

Mnaotaka kuagiza wenyewe, kikokotoo cha kodi kipo kwenye tovuti ya TRA. Ingiza aina ya gari, mwaka na nchi linakotoka, utaiona kodi kabla hujatuma hata senti tano Japan. Wapo waliotuma kwanza wakahesabu baadaye, magari yao yakawa yanaota jua bandarini huku ada inaongezeka.

Basi, binamu alikuwa na milioni 4 na nusu, za kikoba na za mchezo wa wauza vitunguu. Zimebaki milioni 10. Hapo ndipo mimi nilipoingizwa.

Ofisi yenyewe iko ghorofani Kariakoo, jina naliacha. Afisa mikopo ni kijana wa rika langu, tai imemkaba, akatupokea na soda baridi. Ukiona umepewa soda kabla hujaulizwa kitambulisho, kaa chonjo.

"Riba yetu ni asilimia 3 tu kwa mwezi, bosi wangu," akamwambia binamu. Binamu kusikia bosi, akakaa vizuri kwenye kiti. Mkopo wa miezi 24.

Mimi hesabu za kidato cha nne nilipata D, tena ya kubahatisha, lakini nikauliza: asilimia 3 ya nini? Ya mkopo. Mkopo upi, ule wa mwanzo au unaobaki? Akanitazama kama nimemuuliza mshahara wake. "Wa mwanzo, ndio utaratibu."

Mnaona mchezo huo? Asilimia 3 ya milioni 10 ni 300,000. Binamu atalipa riba hiyo kila mwezi, mara 24, jumla milioni 7 na laki 2. Ukiweka na deni lenyewe ni milioni 17.2, yaani 716,667 kwa mwezi. Mpaka mwezi wa mwisho, ambapo anadaiwa 416,667 tu, bado anakatwa riba ya milioni 10 nzima! Milioni ambazo keshazirudisha zamani, anaendelea kuzilipia kama bado anazo.

Asilimia 3 hiyo hiyo ingepigwa juu ya salio linalobaki kila mwezi, rejesho lingekuwa kama 590,000 na riba yote milioni 4 na laki 2 hivi. Neno ni lile lile, "asilimia 3", lakini tofauti ni milioni 3. Nimerudia kwenye kikokotoo mara nne nikidhani ni ile D yangu inanisumbua.

Si hilo tu. Ada ya fomu, bima ya mkopo, kifaa cha kulifuatilia gari, vyote vinakatwa juu kwa juu, 640,000. Mkononi unapewa 9,360,000 lakini riba inahesabiwa kwenye 10. Kadi ya gari inakaa kwao. Bima lazima iwe kubwa, utalipa wewe. Wadhamini wawili. Halafu akasema lile la mwisho kwa sauti ndogo, kama anaagiza kachumbari: "Na hati yoyote ya nyumba, hata leseni ya makazi tunapokea."

Leseni ya makazi binamu hana. Anayo shangazi.

Nikaomba ratiba ya marejesho ichapwe, mwezi kwa mwezi, riba kivyake na deni kivyake. Pia nikaomba kuona leseni yao ya Benki Kuu, maana sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inataka wakopeshaji kama hawa wawe nayo. Leseni nilionyeshwa, ilikuwa ukutani, kwa hiyo hawa si wale wa kausha damu wa kuchukua kadi ya benki na nywila yako. Ratiba ndiyo tuliambiwa tutapewa baada ya kusaini! Binamu alinikanyaga mguu chini ya meza. Soda nikaimaliza, kalamu sikuishika.

Kabla hamjaniandikia meseji, ndiyo, tulijaribu kwingine. Benki inapiga riba kwenye salio, lakini wanataka miezi sita ya mzunguko wa hela kwenye akaunti, na vitunguu vya binamu vinalipwa noti mkononi. Mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato yao ya ndani (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu), hauna riba kabisa. Ulisimamishwa 2023 ukarudi 2024. Lakini unapitia vikundi, na binamu ukimtajia kikundi anakwambia habari za mwenyekiti wao wa zamani aliyehama mtaa usiku, yeye na daftari. Tukaliacha.

Jumapili tukaenda Kizuiani kwa shangazi. Shikamoo, marahaba, tukakaa mkekani. Nyumba yake ina vyumba vinne, viwili amepangisha, na kodi hiyo ndiyo inayonunua dawa zake za presha. Leseni anaihifadhi kwenye kopo la biskuti pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto na picha ya marehemu mjomba. Binamu alikuwa ameshamlainisha kwa simu. Kopo tayari lilikuwa limetolewa nje, lipo hapo mkekani mbele yetu. Roho iliniuma.

Nikaanza kusoma karatasi yangu. Rejesho 716,667. Petroli ya 12,000 kwa siku, 312,000 (na EWURA hubadilisha bei kila mwezi, msinishike hapo). Fundi 100,000. Bima, maegesho na mengineyo 70,000. Jumla 1,198,667 kwa mwezi. Toa zile 650,000 alizokuwa akikodia, pengo ni karibu 549,000. Maana yake binamu akishamaliza mzigo wake mwenyewe, inabidi abebe wa watu apate 21,000 nyingine kila siku, ikiwa safi baada ya petroli ya safari hizo. Na nani anauza vitunguu kijiweni wakati huo?

"Nitamweka shemeji," akasema binamu. Tukanyamaza wote, maana shemeji tunamfahamu.

Shangazi alikuwa anachambua mchele, hata kichwa hakuinua. Akauliza: "Mwanangu, huyo mwenye kirikuu unayekodi, siku usipokwenda sokoni anakudai?"

"Hapana, mama."

"Masika, malori ya Mang'ola na Njombe yakichelewa, mzigo hakuna wiki nzima, anakudai?"

"Hanidai."

"Ulipolazwa na malaria mwaka jana alikuja kudai?"

Binamu kimya.

"Na hawa wa soda?"

Jamani! Mimi nilikuwa nimekesha na kikokotoo na hilo sikuliona. Ile laki sita na nusu si deni. Siku ya mvua haipo, siku ya msiba haipo, Januari wateja wanapolipa ada za watoto inapungua yenyewe. Rejesho la mkopo halipungui, na nyuma yake kuna vyumba vinne vya mtu mwenye presha. Shangazi akafunika kopo, akalirudisha ndani, akatoka na chai. Binamu hakunywa.

Alininunia mpaka Jumatano. Alhamisi akanipigia mwenyewe. Kuna mzee wa Goba anauza kirikuu yake, namba D, imefanya kazi hapa hapa mjini, milioni 9. Si ya kuuza nayo sura, mlango wa kushoto unafunguka kwa kubembelezwa. Lakini binamu ana SACCOS yao ambayo ameweka akiba milioni 1.6, na wanamkopesha mara tatu ya akiba yake. Anahitaji milioni 4 na nusu tu. Wanapiga asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya salio, miezi 18. Rejesho ni 287,000 na ushee, riba yote haifiki laki 7, na kopo la biskuti halihusiki.

Nikapiga hesabu tena. Fundi nikampandishia mpaka 150,000, maana gari kongwe lina maradhi yake. Bima ndogo na mengineyo 50,000, petroli ile ile. Jumla kama 799,000. Pengo juu ya ile ya kukodi ni 149,000, chini ya 6,000 kwa siku. Tripu moja ya mtu kila baada ya siku nne au tano inaziba. Masika bado yatauma, lakini hayataua.

Ijumaa tukaenda Goba na fundi. Nyundo, gonga gonga, chasisi nzima. Springi zilishaongezwa, kama kawaida. Tukaangalia madeni ya faini za trafiki kwa namba ya gari, lilikuwa na mbili, mzee akakubali kuzilipa. Binamu anatabasamu, keshaanza kuulizia rangi ya turubai. Nikaomba kadi.

Kadi inasoma jina la mtu mwingine kabisa!

Mzee anasema ni mdogo wake, yuko Songea, alimuuzia kwa maneno tu, kindugu. Inawezekana ni kweli, mzee mwenyewe ana sura ya swala tano. Lakini TRA gari ni la yule wa Songea, na SACCOS hawatoi hela kwa kadi ambayo muuzaji hayumo. Tumemwambia mzee amlete mdogo wake, au alete mkataba wao, jina lihamishwe kwanza liwe lake, ndipo na sisi tuhamishe. Gharama za hapo katikati bado wanavutana, binamu anataka zitoke kwenye zile milioni 9, mzee anataka ziongezwe juu.

Hapo ndipo tulipo mpaka naipeleka safu hii kwa mhariri. Udhamini wa SACCOS nimekubali kuusaini, mdhamini wa pili ni shangazi mwenyewe, kwa jina lake, si kwa kopo lake. Leo alfajiri binamu kakodi tena kwa 25,000. Amesema yule dereva alimuuliza mbona siku hizi anaipigapiga bodi ya gari la watu kwa ngumi.